Mwaka Nilipozuia Harusi ya Veronika

Veronika hakulia kwenye simu. Alinisalimu kama siku zote, akauliza habari za magoti yangu, akauliza kama mjini mvua imenyesha, kisha akasema, "Shoga, mtani wako ametutoka. Leo alfajiri. Tunazika kesho saa nane mchana. Njoo umzuie." Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kuendelea kukoroga uji. "Zuhura, umenisikia?" Nikasema nimesikia. "Usipokuja wewe atazuiwa na nani? Watu wa huku wameshaanza kuuliza mtani wake yuko wapi." Akakata. Niliukoroga ule uji mpaka ukawa gundi, ndipo nikakaa chini sakafuni, mwanamke mzima wa karibu miaka sitini, nikaziba mdomo kwa mikono miwili ili wajukuu wasinisikie. Si kwamba sikujua Karoli anaumwa. Nilijua tangu mwaka jana. Kilichonishtua ni ukubwa wa kile kilichonitoka kifuani, kwa ajili ya mume wa mtu, baada ya miaka thelathini na mitano ya kujiambia kwamba mambo yale yalikwisha.

Kwa asiyekulia kwenye utani, nieleze kidogo. Mimi ni Mzaramo kwa baba, niliyezaliwa na kukulia hapa Tabora. Karoli alikuwa Mnyamwezi wa Igalula. Makabila yetu yanataniana tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, wakilala kwetu, wakila kwetu, wakigombana nasi na kupatana. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani na huna pa kushitaki. Anaweza kumwita mume wako mume wake, mbele yako, na wewe ukacheka. Kwenye harusi anazuia njia, na kwenye msiba analala mbele ya jeneza na kusema maiti haendi popote, mpaka apewe chochote ndipo apishe. Na lolote atakalolisema halishikwi, halipelekwi kwa wazee, halimnunishi mtu. Huo ndio uzuri wake. Mimi nilijificha humo mwaka mzima, na sikujua kwamba humo ndani hamkuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi na Veronika tulipanga chumba kimoja Chemchem, uani kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Mwenye Nyumba hata mbele ya uso wake. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwangu, na chini ya dirisha, mahali penye mwanga, cherehani yetu ya kukanyaga kwa mguu. Tuliinunua kwa kuchangia nusu kwa nusu, baada ya kushona sare za shule kwa watu miaka miwili, na hapakuwa na kitu kingine cha thamani baina yetu. Yeye alikuwa fundi wa magauni, mimi wa suruali na makoti. Mmoja akikanyaga, mwingine anakata kitambaa kitandani. Masika tulikula ugali kwa uyoga wa karanga karibu kila siku, kwa sababu uyoga ulikuwa rahisi, na Veronika alikuwa na tabia ya kuniachia vipande vikubwa halafu kudai kwamba ameshiba. Nimeishi na watu wengi tangu hapo, mume mwema akiwemo, na sijaona tena mtu wa kuniachia vipande vikubwa bila kunisimanga.

Karoli aliingia chumbani humo siku ya gulio, na ndoo ya asali begani. Alikuwa mrina asali kama baba yake, nguo zake zikinukia moshi hata zikiwa zimefuliwa, na posa yake kwa Veronika ilikuwa imeshapokelewa kwa baba mdogo wake Veronika, kule Cheyo. Nilikuwa sijamwona. "Karoli, huyu ndiye Zuhura ninayekwambia," Veronika alisema. "Mzaramo." Karoli akatua ndoo taratibu. "Mzaramo? Basi nimekwisha." Nikamvua kofia hapo hapo, kofia ya kitambaa cha kaki iliyopauka, nikaivaa. "Babu yako alibeba mzigo wa babu yangu toka pwani hadi hapa," nikamwambia, "na nusu yake aliila njiani. Hii ni fidia." Akanitazama kwa utulivu. "Mzigo gani? Babu yako mwenyewe ndiye aliyekuwa mzigo. Alibebwa, na alikuwa analalamika njia nzima, kama wewe." Veronika alicheka mpaka akashika ukuta. Kofia sikuirudisha, na yeye hakuidai, maana mtani hadaiwi.

Tangu siku hiyo nikawa mke wake wa pwani na yeye akawa mume wangu mpagazi. Alikuja karibu kila wiki mbili kwa treni. Nikimsikia uani naanza kupiga kelele: "Mume wangu amekuja! Vero, hamia kwa baba yako mdogo!" Naye anajibu toka nje: "Mwambie huyo mtumishi apike, nina njaa." Mama Mwenye Nyumba, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, alitusikiliza miezi miwili bila neno, kisha siku moja akasema bila kuinua macho, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Tulimcheka na yeye. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Karoli alimletea Veronika ndoo ya asali ya kuuza, na mimi aliniletea kichupa kidogo, cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, chenye asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye ukakasi kidogo. "Kodi ya mtani," alisema kila mara akinipa. Nilikuwa naila kwa ncha ya kidole, na kichupa nakiweka chini ya kitanda upande wa ukutani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini nakificha kitu nilichopewa mbele ya watu.

Harusi ilipangwa kiangazi, baada ya mavuno. Baada ya Pasaka Veronika alikuwa ameanza kushona shela lake mwenyewe, na koti la bwana harusi likawa la kwangu, kwa kuwa makoti ni kazi yangu. "Nenda Igalula ukampime," aliniambia. "Mimi nikimpima nitacheka, vipimo vitakuwa vya ajabu." Nikapanda treni na futi ya kupimia shingoni kama fundi wa kweli. Mama yake Karoli alinipokea, nikampa "mwangaluka" yake, salamu ya Kinyamwezi, na yeye akafurahi kwamba Mzaramo anaweza, akanikalisha ndani kwenye kigoda, akaniletea sahani ya michembe, viazi vile vikavu, vilivyochemshwa na karanga. Kisha akatoka kibarazani kuzungumza na jirani yake kwa Kinyamwezi, wala hakupunguza sauti. Alidhani maamkizi ndiyo Kinyamwezi chote nilichonacho. Hilo ni kosa ambalo watu wa hapa wanalifanya kila siku juu yetu sisi tuliozaliwa uswahilini, wakati tumeinyonya lugha yao pamoja na maziwa ya majirani.

"Mwanangu amekonda kwa hawa nyuki wadogo," alikuwa anasema. "Kichupa kimoja kinamla siku nne porini, anatoboa mti mmoja baada ya mwingine. Namwambia peleka ndoo inatosha, huyo msichana ale nini zaidi? Anasema hapana mama, hii ni ya kwake peke yake." Jirani akasema kwamba huyo msichana ana bahati, wanaume wa siku hizi hawafanyi hivyo. Nilikuwa na mchembe mdomoni, na sikuweza kuutafuna wala kuutema. Vichupa sita vilikuwa chini ya kitanda kule Chemchem, na Veronika hakuwahi kuonja hata tone. Nilipigwa na butwaa ambalo sijawahi kulipata tena, hata siku niliyofiwa na mume wangu. Niliitazama ile sahani, nikaona mikono yangu, nikawaza kwamba hii ni mikono ya mtu mbaya. Na papo hapo, chini ya woga huo, nikahisi furaha. Ilikuja bila kubisha hodi na nilishindwa kuifukuza. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Veronika.

Karoli alirudi kutoka mizingani mchana, akanawa, akasimama katikati ya chumba na mikono ameinyoosha pembeni. Nilianza na mabega. Nikaenda mgongoni, nikaandika. Nikazungusha futi kifuani, nikasoma, na nilipofika kwenye daftari nikawa nimesahau. Nikazungusha tena, ikawa namba nyingine. Mara ya tatu ikawa nyingine tena, kwa sababu alikuwa anapumua, na mimi pia. "Mtani, leo hunitukani?" akauliza juu ya kichwa changu. "Nahesabu," nikasema. Nje kuku walikuwa wanachakura. "Zuhura," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu, "nikikwambia jambo bila utani, utanisikiliza?" Ningeweza kusema ndiyo. Nimelirudia jibu hilo maelfu ya mara nikiwa nimeinama juu ya kitambaa. Lakini nilisema, "Mnyamwezi asiye na utani ni mgonjwa, nenda zahanati." Alicheka kidogo, akashusha mikono. Nilikwenda stesheni saa mbili nzima kabla ya treni, nikakaa kwenye benchi na daftari lenye vipimo vitatu vya kifua kimoja.

Nilikusudia kumwambia Veronika. Naomba nieleweke katika hili. Nilikusudia kwa wiki nzima, na jioni moja, jua bado likiwa dirishani, nilimwambia. Alikuwa kwenye cherehani, pini tatu katikati ya midomo, anaunga mkono wa shela. Nikasema, "Vero, mimi nampenda Karoli." Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Hakugeuka. Kisha akaanza kucheka na zile pini mdomoni, akasema, "Mpende tu, si mtani wako? Ila shela ni langu." Na mguu ukaanza kukanyaga tena. Nilijisikia nafuu, nikaona haya kwa hiyo nafuu. Nilikuwa nimesema ukweli, na ukweli wenyewe umepokelewa kama mzaha. Nifanye nini tena? Tulipotazama kazi, mkono wa shela ulikuwa umeungwa ndani nje. Veronika, ambaye hakuwahi kukosea mshono tangu nimfahamu. Tulikaa kitandani tukafumua pamoja, uzi mmoja mmoja, akiuma nyuzi kwa meno. Nilidhani ni uchovu.

Koti la siku nne nililishona wiki sita. Lilikuwa koti la kijivu, na hadi leo sijashona jingine zuri kuliko lile. Karoli alikuja mara mbili tu katika muda huo, na mara zote mbili tulitukanana kwa bidii kubwa kuliko zamani, kama watu wanaotwanga kinu kitupu. Kichupa aliniletea kimoja. Sikukifungua.

Siku ya harusi, upande wa bwana harusi walikuja Cheyo kumchukua bibi harusi kwa baba mdogo wake, wakiimba, akina mama mbele. Kila mtu alijua kwamba mtani atazuia. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa mlangoni kwa ajili yangu. Nililala pale na ile kofia ya kaki kichwani na nikapiga yowe: "Harusi haifungwi! Huyu mwanamume ni wangu! Baba zake walikuwa mali ya baba zangu toka Bagamoyo hadi hapa, nani ameuza bila kuniuliza?" Watu walipasuka kwa kicheko. Nikaendelea, na sijui ni wakati gani sauti yangu iliacha kuigiza. "Nampenda," nilisema. "Jamani nampenda huyu mtu, mnanichukulia, mimi nitabaki na nani?" Machozi yalikuwa yananitoka. Walizidi kucheka, mama mmoja alisema, "Angalia Mzaramo anavyojua kulia!" Karoli akaja akasimama juu yangu ndani ya koti langu la kijivu. Alininyooshea mkono. "Basi inuka twende," akasema. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nilimtazama usoni. Hakuwa anacheka. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka kutoka mkekani, huo ndio ukweli, ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

Ndipo Veronika akatoka. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe, na vigelegele vikakatika watu wasijue la kufanya. Alikuja na shela lake, akapita kati yangu na Karoli, akainama. "Mtani wa mume wangu," akasema kwa sauti ya wote kusikia, "unataka nini ili upishe?" Wazee wakaanza kunadi: kuku, kanga doti moja, jogoo na kanga. Nikatikisa kichwa kwa kila kitu, kama inavyotakiwa. Veronika akanyoosha mgongo. "Mpeni cherehani," akasema. "Nusu yangu yote ni yake. Imekuwa yake tangu leo, mmesikia wote. Sasa apishe." Watu walipigwa na mshangao, halafu akina mama wakalipuka kwa vigelegele, hakuna aliyewahi kuona mtani akilipwa namna ile. Na mimi nilishtuka kuliko wote. Hiyo cherehani ilikuwa mikono yake. Niliona aibu mpaka kwenye kucha: mimi nataka kumwibia mume, yeye ananigawia riziki yake kwa furaha ya siku yake. Nikaamka, nikajifuta, nikakunja mkeka. Walipita.

Hayo mengine ni maisha tu. Veronika alihamia Igalula akalima na kuzaa. Mimi niliolewa, nikafiwa, nikafungua kibanda changu cha ushonaji pale pale Chemchem. Cherehani ile imesomesha watoto wangu wanne, imeezeka nyumba ninayolala. Kila Krismasi ilikuja ndoo ya asali kutoka kwao, imefungwa na Veronika kwa mkono wake. Kichupa hakikuja tena. Tulionana kwenye ubatizo na misiba, na kila nilipomwona Karoli nilimtukana inavyostahili, naye alinijibu inavyostahili. Kwa miaka yote hiyo niliwasimulia watu habari ya ukarimu wa Veronika siku ya harusi yake. Nilikuwa naisimulia vizuri.

Basi nikaenda Igalula. Veronika alikuwa amekaa chini na akina mama, amenyoa nywele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliniona, akaniona na kofia ya kaki mkononi, akaitazama kwa muda. "Tumemvika koti lako," akasema. "Limemtosha. Alikuwa amekonda." Hatukusema zaidi, watu walikuwa wengi. Kesho yake saa nane, jeneza lilipoinuliwa, nilivaa kofia nikaenda kulala katikati ya njia ya kaburini. Magoti yalinikatalia, ikabidi nishikwe. Vijana waliobeba wakasimama, wakaanza kutabasamu, maana msiba mrefu unachosha na watu walikuwa wakisubiri kucheka kidogo. "Hazikwi!" nikasema. "Huyu mume ni wangu. Mmekaa naye miaka yote hii hamkunipa hata siku moja. Nimekuja kumchukua." Walicheka. Nililia, na wakacheka zaidi, na nilifurahi kwamba wanacheka, kwa sababu ni mahali pekee duniani ambapo ningeweza kumlilia Karoli kwa sauti. Wazee wakaanza kunadi: kuku, kanga. Nikatikisa kichwa.

Veronika akaja kutoka nyuma ya jeneza. Alitembea polepole mpaka pale nilipolala mavumbini, akainama kama alivyoinama siku ile.

"Safari hii hapewi kitu," akasema kwa watu wote. "Mimi huyu nilishamlipa. Nilimlipa mlangoni kwa baba mdogo nikiwa na shela mwilini." Kisha akanigeukia. "Nusu ya cherehani, Zuhura. Ulidhani ilikuwa ya nini?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mtani amepatikana, walisema, leo mtani amepatikana. Nilimtazama Veronika usoni, na hakuwa anacheka, na nikaona kwamba hata siku ile hakuwa anacheka, na kwamba hata ile jioni, akiwa na pini mdomoni, hakucheka kwa moyo. Nilikuwa nimekula bei ya Karoli miaka thelathini na mitano, nimewalisha watoto wangu, na kuwasimulia majirani kwamba ni zawadi.

"Bado inashona?" akaniuliza, sasa kwa sauti ndogo ya chumbani kwetu.

"Inashona," nikasema.

"Basi pisha, shoga. Tumzike."

Akaninyooshea mkono. Nikaushika, nikainuka, nikapisha.